Huyu mwana wako

Zamu yangu ya kuongoza kikundi chetu cha kujifunza Biblia iliangukia Jumatano ya wiki mbili zilizopita, nikapewa Luka 15, mstari wa 11 hadi wa 32. Mfano wa mwana mpotevu: mdogo anadai urithi wake, anautapanya ugenini, anarudi, baba anamfanyia sherehe, na kaka mkubwa anakataa kuingia ndani. Nilishukuru kimoyomoyo. Kisa hiki nimekisikia tangu shule ya Jumapili, nimekiimba, nilikiigiza nikiwa na miaka tisa (nilikuwa mtumishi aliyebeba viatu), na nimehubiriwa juu yake mara nisizoweza kuzihesabu. Nilidhani maandalizi yatanichukua jioni moja. Yalichukua siku kumi na moja, na mpaka leo sijalifunga lile daftari.

Nieleze kwanza ninavyosoma. Kazi yangu ni uhasibu. Kigiriki cha Agano Jipya nilianza kujifunza miaka minne iliyopita, peke yangu, kwa kitabu cha sarufi na kamusi iliyolegea jalada, nusu saa kila alfajiri kabla nyumba haijaamka. Mimi si mtaalamu, na majedwali ya vitenzi bado nayafungua kila siku. Lakini nikitulia naweza kuuchukua mstari wa Luka na kujua kila neno linafanya kazi gani. Na kwa kuwa ni mhasibu, nachora safu: mstari, neno, maana, Union (Biblia yetu ya Kiswahili ya siku zote) imelitafsirije. Safari hii nikaongeza safu ya tano: nani anasema. Ni mazoea ya kazini tu. Kwenye vitabu vya hesabu, ingizo lisilo na mtu aliyeliidhinisha haliaminiki, hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Safu hiyo ya tano ndiyo iliyonikamata.

Tuanzie mstari wa 13. Union inasema yule mdogo alisafiri kwenda nchi ya mbali, "akatapanya mali zake huko kwa maisha ya uasherati." Ndivyo nilivyoujua mstari huu maisha yangu yote. Kwenye Kigiriki maneno ya mwisho ni mawili tu, zon asotos: akiishi kwa namna ya asotos. Nikafungua kamusi nikitarajia kukuta uasherati. Sikuukuta. Neno limejengwa kwa a- ya kukanusha pamoja na mzizi ule ule wa kitenzi sozo, kuokoa, kuponya, kuhifadhi. Mtu asiyehifadhi. Mtu asiyebakiza. Kitu kinachomwagika bila wa kukikinga.

Mizizi ya maneno huwa naiogopa kidogo. Maana ya neno hukaa katika matumizi yake, na mhubiri anayetegemea mzizi peke yake anaweza kulifanya neno liseme chochote anachotaka. Kwa hiyo nikatafuta matumizi. Nomino yake, asotia, imo mara tatu katika Agano Jipya: Waefeso 5:18, Tito 1:6 na 1 Petro 4:4. Nikafungua Union sehemu zote tatu. Ufisadi, wafisadi, ufisadi. Mara tatu watafsiri waliona ufisadi, na kwa Luka peke yake wakaona uasherati.

Kisha nikarudi nyuma zaidi, kwa Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo. Katika mafundisho yake ya maadili ana sehemu nzima kuhusu matumizi ya mali, na asotos kwake ni yule anayeharibu mali yake, na kwa kuiharibu anajiangamiza mwenyewe, kwa sababu mtu huishi kwa hiyo mali. Nililisoma hilo mara nne. Tena anaongeza kwamba watu wa kawaida wamezoea kuwaita hivyo hata wale wanaofuja fedha kwa tamaa za mwili, ila kwa maoni yake hapo neno linatumika visivyo, kwani linabebeshwa maovu mengi kwa mpigo. Na katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, yule mwanamke mshawishi wa Mithali 7:11 naye ameitwa asotos. Kwa hiyo sitawaita watafsiri wa Union wazembe. Harufu ya uasherati ilikuwepo karibu na neno hilo. Lakini harufu si neno. Luka alisema kijana aliishi bila kujali kesho, akanyamaza.

Sasa shuka mpaka mstari wa 30. Hapo neno makahaba linatajwa waziwazi, porne kwa wingi, halina utata wowote. Nikaliandika kwenye daftari. Nikafika safu ya tano, nani anasema, nikaandika: kaka mkubwa.

Nikaweka kalamu chini.

Katika kisa chote, hakuna mwingine anayetaja makahaba. Yesu anayesimulia hakuwataja. Kijana mwenyewe anapoungama anasema amekosa juu ya mbingu na mbele ya baba yake, hasemi alikosaje. Mtumishi aliyeulizwa kule nje alitoa taarifa fupi sana: ndugu yako amekuja, baba yako amemchinja ndama aliyenona, kwa sababu amempata hali mzima. Kigiriki chake cha "mzima" ni hygiainonta, neno la afya, la mtu asiyeumwa. Basi. Kaka mkubwa ametoka shambani, hajaingia ndani, hajamwona mdogo wake, hajasikia habari yoyote ya nchi ya mbali, na hapo mlangoni tayari anajua fedha ziliishia kwa akina nani. Alizipata wapi habari hizo? Alizitoa moyoni mwake. Halafu sisi wasomaji wa Kiswahili tumeyachukua maneno yake, tukayapandisha mpaka mstari wa 13, tukayatia kinywani mwa Bwana.

Inawezekana kijana alifanya hayo kweli. Maandiko hayasemi hakufanya. Ninachosema ni kwamba shahidi pekee tuliye naye hakuwepo.

Hapa itabidi niseme jambo langu, kwa sababu bila hilo siku kumi na moja zangu hazieleweki. Mimi ni kifungua mimba. Nina mdogo wangu wa kiume, tumefuatana. Baba alipofariki, mdogo wangu aliomba sehemu yake itolewe mapema, akauza, akaondoka. Huu ni mwaka wa sita. Mama ameugua katikati ya hiyo miaka, nami ndiye niliyekuwa nikilala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake. Na katika miaka hiyo sita, watu waliponiuliza habari za mdogo wangu, niliwaambia amemaliza pesa kwa wanawake. Nimewaambia majirani. Nimemwambia mchungaji, kwa sura ya ombi la maombi. Nililisema mara nyingi mpaka likawa habari yenyewe.

Sijui alizitumiaje zile pesa. Sikuwahi kumwuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari za wanawake.

Siku mbili sikuligusa daftari. Niliporudi, nilianza upya kutoka mstari wa 12, taratibu, kila neno na mwenyewe.

Kijana anamwambia baba: nipe sehemu ya ousia inayoniangukia. Ousia ni mali, lakini ni neno lililotokana na kitenzi cha kuwa. Alicho nacho mtu kinachomfanya awe alivyo. Union inaendelea: "Akawagawia vitu vyake." Vitu! Kigiriki kinasema baba aliwagawia ton bion, na bios ni maisha. Ndiyo, ni kweli, bios ilitumika pia kwa maana ya riziki, kile ambacho mtu anaishi nacho. Kamusi zote zinasema hivyo. Ni neno lile lile Luka analolitumia kwa mjane maskini katika sura ya 21, aliyetia katika hazina bios yake yote. Lakini msikilizaji wa Kigiriki alilisikia neno moja tu. Mwana aliomba mali, baba akagawa maisha. Na tazama aliyagawa kwa nani: "akawagawia". Wao. Wawili. Kwa torati ya Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza alistahili sehemu maradufu, yaani kati ya wana wawili huyu mkubwa alikuwa na theluthi mbili. Siku ile ile mdogo alipoondoka na chake, kaka naye alikuwa amekwisha kupewa. Nimesoma mfano huu miaka arobaini bila kuuona wingi huo mdogo, na tumeupata kwenye Kiswahili bila kuhitaji Kigiriki chochote.

Neno bios linarudi mara moja, mstari wa 30, kinywani mwa nani? Kaka. "Aliyekula vitu vyako": Kigiriki ni amekula maisha yako, kataphagon, ameyala mpaka akayamaliza. Hapo, pamoja na uchungu wake wote, amesema kweli zaidi ya alivyokusudia.

Kwenye nchi ya mbali nilipita haraka. Mstari wa 15, Union imepatia sana: "akashikamana na mwenyeji mmoja." Kitenzi ni kollao, kugandisha kwa gundi. Yule mtu hakumwajiri. Kijana alimganda kama ruba mpaka akapewa nguruwe wa kulisha. Mstari wa 16, yale maganda ni keratia, vijipembe, maganda ya mti mmoja wa nchi zile yaliyopinda kama pembe. Mbegu zake zilitumika kupimia uzito, na kutoka jina hilo, kupitia Kiarabu, tumepata karati tunayopimia dhahabu. Sijui kama ina faida yoyote kuhubiri hilo. Lakini nilipofika mstari wa 22, pale anapovishwa pete, nililikumbuka.

Mstari wa 17 ndipo nilipokaa usiku mzima. "Na mimi hapa ninakufa kwa njaa." Ninakufa ni apollymai. Nikalitazama nikajua nimeliona mahali. Nikarudisha macho juu ya ukurasa: mstari wa 4, kondoo aliyepotea, kitenzi hicho hicho. Mstari wa 8, mwanamke akipoteza shilingi moja, hicho hicho. Wa 6, wa 9. Halafu baba, mstari wa 24 na wa 32: alikuwa amepotea. Kitenzi kimoja chenye pande mbili, kupotea na kuangamia, na Luka amekitembeza sura nzima. Kiswahili kinalazimika kuchagua, mara "kupotea", mara "kufa", na uzi unakatika. Kwa Kigiriki, kijana aliyekaa kati ya nguruwe anajitamkia neno lile lile ambalo baba yake atalitamka juu yake mbele ya watumishi. Hawajaonana, hawajaongea, na wote wawili wameshafikia neno moja. Tena ni kitenzi kile kile alichokitumia Aristotle alipoeleza asotos ni nani: anayejiangamiza mwenyewe. Sidai Luka alimsoma Aristotle. Nasema tu kwamba maneno haya mawili yalikuwa yanafahamiana zamani.

Kaka mkubwa halitamki hilo neno hata mara moja. Kwake mdogo wake hajapotea. Amekula, basi.

Kisha mstari wa 20. Nchi aliyokwenda iliitwa makran, ya mbali, katika mstari wa 13. Sasa anarudi, naye "alipokuwa angali mbali", na neno ni lile lile, makran. Kwa macho ya baba yule kijana alikuwa bado yumo ndani ya neno la nchi ya mbali alipomwona. Akamwonea huruma, inasema Union. Kitenzi ni esplanchnisthe, kutoka splanchna, viungo vya ndani: moyo, mapafu, maini, figo. Luka anajua vizuri neno hilo lina nyama. Katika Matendo 1:18, Yuda alipopasuka, splanchna zake zilimwagika, na hapo Union imetafsiri matumbo. Wazee wetu wangelielewa moja kwa moja. Tunasema jambo limenikata maini. Baba alikatika maini. Katika Injili yake Luka amekitumia kitenzi hiki mara tatu tu: Yesu alipomwona mjane wa Naini akienda kumzika mwanawe, Msamaria alipomwona mtu aliyepigwa njiani, na baba huyu. Kila mara kuna kuona kwanza. Alimwona, akakatika maini.

Akaenda mbio, akamwangukia shingoni, akambusu sana. Nilijua nimeshawahi kuona mahali pengine mtu akikimbia, akikumbatia, akianguka shingoni na kubusu, yote kwa mfuatano. Ilikuwa Mwanzo 33:4. Anayekimbia pale ni Esau. Kaka mkubwa! Aliyeporwa baraka yake, aliyekuwa na kila sababu ya kusimama nje na kuhesabu, ndiye aliyemkimbilia Yakobo. Waliomsikiliza Yesu walikijua kisa hicho toka utotoni. Mbio za Esau amepewa baba, na mahali pa Esau pamebaki wazi, panamngoja yule wa shambani.

Kuna kitu kidogo cha mstari wa 21 ambacho kilinifariji. Kule kwenye nguruwe kijana alitunga hotuba ya sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anapofika anasema mbili za kwanza tu. Ya tatu haipo, baba ameshaanza kuita vazi. Lakini katika baadhi ya nakala za kale, zikiwemo zile kuu mbili za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, sehemu ya tatu imo. Nakala ya mafunjo iitwayo P75 haina, na wahariri wa maandishi ya Kigiriki ya leo wengi wanaiacha, wakiona kwamba mwandishi fulani alinakili kutoka mstari wa 19 ili kukamilisha. Namwelewa huyo mwandishi. Alijua kijana alipanga kusema nini, akamsemea. Ni kosa lile lile la "uasherati", lakini lake limefanywa kwa huruma, na langu sivyo.

Yale maneno ya tatu yananileta kwa kaka. Mdogo alitaka kuwa misthios, kibarua wa ujira. Sasa sikiliza mkubwa, mstari wa 29: "mimi nimekutumikia miaka mingapi hii." Kitenzi ni douleuo, na doulos ni mtumwa. Kwa Kigiriki ni wakati uliopo: miaka yote hii nakutumikia utumwa, na bado. Mdogo amekuja kuomba ukibarua, mkubwa amekaa miaka yote akijihesabu mtumwa, na nyumba nzima haina mtu anayejiita mwana isipokuwa kinywa cha baba. Tena mdogo kila anapofungua mdomo anaanza na "Baba". Mstari wa 12, wa 18, wa 21. Mkubwa anaanza na idou. Tazama. Hakuna baba popote katika maneno yake.

Nililisoma hilo nikasikia sauti yangu kwenye simu. Nikimpigia mama, nikiwa nimechoka, huwa naanza: "Sikiliza."

Na baba alitoka nje. Mstari wa 28 unasema alimsihi, na kitenzi, parekalei, kiko katika wakati wa tendo lililoendelea: alikuwa akimsihi, akimsihi. Sherehe inaendelea ndani na mwenye nyumba yuko uani. Ni kitenzi ambacho mzizi wake umempa Roho Mtakatifu jina la Msaidizi katika Yohana. Kisha anamwita, na hamwiti huios, neno la mwana lililotumika sura nzima. Anamwita teknon, mtoto, aliyezaliwa. Ni neno la mzazi mwenye uchungu. Mariamu alimwita Yesu hivyo hivyo walipomtafuta siku tatu na kumkuta hekaluni, Luka 2:48. Union imeandika "mwanangu", na Kiswahili hapo kimetenda haki, kwa sababu "mwanangu" ya mzazi aliyekuja kukusihi tunaijua sote inavyosikika.

Sasa yale maneno niliyoyaweka kwenye kichwa. Safu ya tano iliyapanga hivi. Mstari wa 24, baba: huyu mwanangu. Mstari wa 27, mtumishi: ndugu yako. Mstari wa 30, kaka: huyu mwana wako. Mstari wa 32, baba: huyu ndugu yako. Neno ndugu lilimfikia kaka akiwa nje, kutoka kwa mtumishi. Alilipokea, akalibadilisha, akalirudisha kwa baba likiwa limeshakuwa "mwana wako". Baba hakumkemea. Hakusema usimwite hivyo. Alirudia muundo ule ule, houtos kwa houtos, huyu kwa huyu, akabadilisha neno moja tu: adelphos. Na adelphos, nalo, kwa asili yake ni mtu wa tumbo moja. A- hapa ina maana ya pamoja, na delphys ni tumbo la uzazi. Ndugu wa tumbo moja. Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa.

Mwanao. Kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua neno hili linavyofanya kazi. Mtoto akifanya vizuri ni mwanangu, akiharibu ni mwanao. Wazazi wanarushiana. Lakini mimi si mzazi, na kwa miaka sita nimekuwa nikimwambia mama: mwanao hajapiga simu. Mwanao kaonekana sehemu fulani. Mwanao hata kwenye ugonjwa wako hakuja.

Jumatano ilifika. Nilifundisha kwa saa moja na nusu. Mambo ya nyumbani kwangu sikuyasema, lakini ya asotos niliyasema yote. Mzee mmoja wa kikundi, anayekaa mbele daima na Union yake iliyofungwa kwa mpira, alininyooshea kidole.

"Binti yangu, kwa hiyo unatuambia hakuzini?"

"Hapana, mzee. Nasema anayetuambia kwamba alizini hakuwepo."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

Alifungua mstari wa 13, akausoma tena kwa sauti ya chini, kisha akauruka mpaka wa 30, kidole kikitembea. Alikaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Basi huyu kaka mtu amesema uongo?" Nikamjibu kwamba hilo nalo hatuna haki ya kulisema, kwa sababu tutakuwa tumemfanyia yeye kile alichomfanyia mdogo wake. Tujue tu hayo ni maneno yake. Mama mmoja nyuma akauliza kwa nini Biblia haituambii kama aliingia ndani. Nikawaonyesha kwamba mstari wa 32 una neno edei, ilipasa, na Kigiriki hakitaji iliwapasa akina nani. Ilipasa kufurahi. Sentensi imeachwa bila mwenyewe, na hakuna mstari wa 33. Hapo maswali yakawa mengi, na sikuwa na majibu ya yote.

Usiku ule nilimpigia mama. Aliniuliza somo lilikwendaje, nikamwambia vizuri. Akaniambia dawa anameza, miguu imepungua kuvimba. Kisha akasema, kwa sauti ile anayoitumia akijua sitapenda, "Mdogo wako alipiga jana."

Mdogo wako. Nilinyamaza, nikajaribu kukumbuka. Miaka sita mimi nasema mwanao, na yeye ananijibu mdogo wako. Kila mara. Mdogo wako anaumwa. Mdogo wako kasalimia. Nilikuwa nikidhani ni namna yake tu ya kuongea.

"Upo?" mama akauliza.

"Nipo, Mama," nikasema. "Mdogo wangu siku hizi anatumia namba gani?"